Kufukuzwa nchini hakuui rufaa

"Si ameshavushwa Busia, wakili? Rufaa gani tena?" Swali hili, la mgeni aliyetiwa hatiani Kenya kisha akarudishwa kwao Uganda, nimelisikia tena wiki hii hapa Kisumu, safari hii kutoka kwa mwanasheria mwenzangu.

Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya kinampa kila aliyetiwa hatiani haki ya kukata rufaa. Hakisemi lazima awe raia. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, kifungu cha 365, inasema rufaa huzimika mrufani akifa, na hata hapo rufaa ya faini hubaki hai. Basi kwa nini rufaa ya aliye hai kule Tororo, Uganda, izimike?

Zinazoua rufaa hizi ni siku 14 za kuziwasilisha. Zinahesabiwa tangu hukumu, mteja awe seli au kwenye gari la uhamiaji. Mahakama yaweza kuongeza muda kwa sababu ya maana; kwangu mimi, kuvushwa mpaka kwa nguvu ni mojawapo.

Watu wanavuruga mambo hapa: kukata rufaa peke yake hakuzuii mtu kuondolewa. Hakimu akiamuru aondolewe kama sehemu ya adhabu, amri hiyo huanguka pamoja na hatia. Lakini amri iliyotiwa saini na Waziri chini ya sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011 haifutiki kwa sababu tu jaji amefuta hatia. Hiyo inapingwa kwa ombi la peke yake mahakamani, mbali na rufaa, na ombi la kuisimamisha lipelekwe kabla kifungo hakijaisha.

Halafu kuna kukiri kosa. Aliyekiri hupinga adhabu peke yake, wala si hatia, kwa kifungu cha 348 cha sheria ile ya kesi za jinai. Ila tangu kesi ya Adan, uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki wa 1973, shtaka lazima lisomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Fungua kumbukumbu za kesi utazame palipoandikwa tafsiri: Kiingereza kwa Kiswahili, na mshtakiwa ni mchuuzi wa Mbale anayejua Kigisu tu! Hapo pana rufaa, na jaji ataiona kwenye karatasi bila mrufani kuwepo.

Kinachonisumbua ni jaji wa rufaa kuamuru kesi isikilizwe upya. Nani atamleta mteja, wakati hawezi kuingia bila ruhusa? Sina jibu linaloniridhisha.

Kwa hiyo, wakili, msubiri mteja mlangoni mwa mahakama siku ya hukumu. Atie saini ya kukuruhusu kumwakilisha, aache nambari ya simu ya Uganda, na anwani ya kupokelea hati iwe ya ofisi yako.