Kumwaga sumu ya panya kabla ya kushughulika na taka ni kupoteza hela, na kunaweza kuongeza ugonjwa

Malalamiko ya panya yakizidi mjini, swali la kwanza linalotua kwenye kikao cha madiwani ni lilelile: sumu itawekwa lini? Mimi niko kwenye afya ya mazingira miaka mingi sasa, upande wa panya na wadudu wanaosambaza magonjwa, na naelewa kabisa kwa nini watu wanauliza hivyo, mtu aliyeona panya wanakatiza mchana kweupe nje ya shule ya mtoto wake hataki kusikia habari za mipango, anataka wafe. Ila naomba mnisikilize kidogo maana hapo kwenye sumu ndipo majiji mengi yanapomwaga hela, miezi ikipita panya wako palepale, na wakati mwingine ugonjwa ndio unakuwa umepanda.

Tuanze na uzazi wao. Panya jike wa mjini anabeba mimba siku kama 21 mpaka 23, anazaa watoto 6 mpaka 12 hivi kwa mkupuo, hao watoto wakifikisha miezi 2 au 3 nao wanazaa, halafu mama mwenyewe anaweza kushika mimba nyingine siku moja au mbili tu baada ya kujifungua. Sasa ukiua nusu ya panya wa mtaa mmoja na chakula kikabaki kilekile, waliobaki wanashiba zaidi, watoto wao wengi wanapona, na haipiti muda umerudi ulipoanza. Hili tunalijua tangu zamani, mtafiti David E. Davis na wenzake walilichunguza Baltimore, Marekani, miaka ya 1940, waliona kwamba panya wakiuliwa tu idadi inapanda tena, ila pale mtaa uliposafishwa na nyumba zikakarabatiwa idadi ilishuka na kukaa chini. Kinachoamua jiji liwe na panya wangapi ni chakula, maji na mahali pa kujificha. Basi.

Sasa upande wa magonjwa, na hapa ndipo ningependa kila diwani asikilize vizuri. Ugonjwa unaonisumbua zaidi mimi ni leptospirosisi, wengi mnaujua kama homa ya mgunda. Bakteria wake wanakaa kwenye figo za panya, panya mwenyewe haumwi wala nini, anatembea tu akikojoa, na mkojo ukiingia kwenye maji yaliyotuama au tope bakteria wanaweza kuishi humo wiki kadhaa. Mtu akipita na kidonda mguuni, au maji yakamrukia machoni, anaweza kuupata. Ndiyo maana kesi zinapanda baada ya mafuriko. Makadirio yaliyochapishwa 2015 yanasema duniani kuna wagonjwa kama milioni 1 na vifo karibu 59,000 kila mwaka, na wengi ni watu wa kipato cha chini wanaoishi karibu na mitaro na madampo, yaani wale ambao malalamiko yao yanachelewa kusikika.

Sasa sikilizeni hii. Kule Vancouver, Canada, watafiti waliokuwa wanafuatilia panya wa jiji walifanya jaribio, mitaa mingine walikamata panya wakawaua, mingine hawakugusa, halafu wakapima panya waliobaki. Kwenye mitaa waliyoua, uwezekano wa panya aliyebaki kuwa na bakteria wa leptospira ulipanda, sio kushuka. Maelezo yao ni kwamba panya wanaishi kwa koo na kila ukoo una eneo lake na wakubwa wake, ukiondoa baadhi yao kiholela ule mpangilio unavunjika, wageni wanaingia, wanapigana, wanagusana na mikojo ya wenzao ambao kabla ya hapo wasingekutana nao, na ugonjwa unapata njia mpya. Panya wanapungua kwa muda, ila kati ya waliobaki sehemu yenye bakteria inakuwa kubwa zaidi. Mimi tangu niisome ile kazi siwezi tena kukaa kwenye kikao nikasikia idadi ya panya waliouawa inasomwa kama mafanikio ya afya nikanyamaza, kwa sababu hicho kipimo hakisemi chochote kuhusu hatari iliyobaki kwa watu.

Tauni nayo ina mtego wake. Daktari Mfaransa Paul-Louis Simond alionyesha mwaka 1898 kwamba kiroboto ndiye anayetoa tauni kwa panya na kuipeleka kwa mwingine, kwa hiyo mahali penye tauni ukiua panya kwanza, viroboto wanaachwa bila mnyama wa kumnyonya damu na wanamrukia binadamu. Pale lazima uue viroboto kwanza ndipo uguse panya. Nasema hili kwa sababu kuna watu wanaamini kuua panya hakuwezi kuwa na madhara popote pale.

Sipingi sumu, naitumia. Ila ijulikane inafanyaje kazi. Sumu nyingi za sasa zinazuia damu kuganda, ilianza warfarini mwishoni mwa miaka ya 1940, na ilipofika 1958 Scotland tayari kulikuwa na panya sugu, zikatengenezwa kali zaidi kama bromadioloni na brodifakumu. Panya akila leo anakufa baada ya siku kadhaa, na hiyo imefanywa makusudi maana panya anaogopa kitu kigeni na angeumwa palepale angeacha kugusa chambo. Lakini katika hizo siku anatembea na sumu mwilini, bundi au paka akimla naye anaipata, na sumu hizi kali zinakaa kwenye ini muda mrefu. Mtoto pia anaweza kuokota chambo, ndiyo maana lazima kiwe ndani ya kisanduku kinachofungwa, kumwaga chambo wazi pembeni ya mtaro ni hatari na mtu wa halmashauri akifanya hivyo asimamishwe palepale. Na mtego wa kawaida bado ni mzuri sana, uweke siku chache bila kuutega panya auzoee, halafu ndio utege.

Kwenye taka ndiko kazi ilipo, na New York ni mfano mzuri kwa sababu kwa miongo mingi mifuko meusi ya plastiki ilikuwa inawekwa barabarani kuanzia saa 10 jioni inasubiri gari usiku kucha, yaani unawaandalia chakula kabisa wakati wao ndio wanaamka. Kuanzia Aprili 2023 wakabadilisha, taka za kwenye mifuko zisitolewe kabla ya saa 2 usiku, mwezi huohuo wakamteua afisa wa kusimamia vita ya panya jiji zima, Machi 2024 biashara zote zikatakiwa kutumia mapipa yenye mfuniko, na Novemba 2024 ikawa zamu ya majengo madogo ya makazi. Angalieni kilichobadilishwa hapo, ni saa na chombo. Hakuna teknolojia ya ajabu. Halmashauri yoyote inaweza kukaa na mkandarasi wake wa taka ikauliza, mzigo unakaa nje masaa mangapi kabla haujachukuliwa, na mapipa yetu yana mfuniko au yametoboka chini?

Baada ya taka yanakuja mashimo. Panya mkubwa anapita kwenye tundu la kama milimita 13, panya mdogo wa ndani kama milimita 6. Ziba kwa simenti na wavu wa chuma au stilwaya, usizibe kwa mbao wala povu peke yake atatafuna tu. Chemba za maji taka zilizopasuka ndizo barabara zao, kwa hiyo idara ya maji ikiwa haipo kwenye hicho kikao cha panya basi kikao hakijakamilika, vilevile watu wa majengo maana nyumba ikibomolewa bila panya kushughulikiwa kwanza wote wanahamia kwa jirani.

Halafu kupima. Hesabu ya malalamiko pekee inadanganya, mtaa wenye watu wanaojua nani wa kumpigia utaonekana una panya wengi na mtaa uliokata tamaa utaonekana msafi, kwa hiyo tuma watu wakague wenyewe mashimo yanayotumika na panya, kinyesi, alama za mafuta wanazoacha ukutani wakipita, kila baada ya muda na kwenye maeneo yaleyale. Na usilipe watu kwa mikia. Hanoi mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Ufaransa ililipa kwa kila mkia wa panya, wakaanza kuonekana panya wanatembea bila mikia, wameachiwa wakazaliane, na wengine walikutwa wanafuga panya kabisa. Ukilipa mikia utapata mikia.

Utafiti wa 2025 kwenye jarida la Science Advances uliangalia majiji 16, kati yake 11 panya walikuwa wanaongezeka, na majiji yaliyopata joto haraka zaidi ndiyo yaliyopata ongezeko kubwa zaidi. Lakini Tokyo, na New Orleans na Louisville za Marekani, panya walikuwa wanapungua. Kwa hiyo inawezekana, ila sio kwa kampeni ya wiki mbili kabla ya uchaguzi, inataka kifungu cha bajeti cha kila mwaka na mtu mmoja anayewajibika, mwenye mamlaka ya kuita idara ya taka, ya maji, ya majengo na ya afya kwenye meza moja.

Mengine ni ya kwenu nyumbani huku mnasubiri halmashauri. Kinyesi cha panya usikifagie kikavu maana vumbi lake unalivuta, lowesha kwanza kwa maji yenye klorini, acha dakika chache, vaa glavu, futa. Wanaozibua mitaro wapewe buti na glavu, hilo diwani anaweza kulidai kesho asubuhi bila kusubiri bajeti. Na ukipata homa kali, kichwa, misuli ya miguuni inauma hasa shavu la mguu, macho mekundu, na siku za karibuni ulikanyaga maji ya mafuriko au uliingia mtaroni, mwambie daktari hivyohivyo waziwazi, dalili hizi zinafanana na malaria na dengi na asipojua ulikopita anaweza asifikirie leptospira kabisa, wakati ikiwahiwa inatibika kwa antibayotiki za kawaida kama doksisaiklini, ikichelewa inaenda kwenye figo, ini na mapafu.