Ndoo ipo mlangoni, madirisha yamefungwa: maswali na majibu kuhusu kujikinga na virusi kazini

Machi 16, 2020 Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa UVIKO-19, yaani korona. Haikuchukua siku nyingi, milango ya ofisi, maduka na karakana ikajaa ndoo za maji tiririka na sabuni. Lilikuwa jambo jema. Lakini ukishanawa na kuingia ndani, mara nyingi ungekuta watu kumi na watano wamebanana chumba kimoja, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinaunguruma, na mmoja wao anakohoa huku akiendelea na kazi kwa sababu asipofanya kazi leo hali leo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 5, 2023 kwamba dharura ya ugonjwa huo imekwisha. Virusi vinavyosafiri kwa hewa bado vipo, na mlipuko mwingine ukija utatukuta kazini vilevile. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi na wafanyakazi ninapokaa nao kuzungumzia afya.

Tulikuwa tunanawa kila tunapoingia. Mbona karibu chumba kizima tuliugua?

Kwa sababu virusi hivi hupita zaidi kwenye hewa tunayovuta kuliko kwenye mikono. Mtu akiongea, akicheka au akikohoa, hutoa matone na chembechembe. Matone makubwa huanguka karibu naye. Zile ndogo huelea kama moshi wa sigara: mvutaji amekaa kona ile, wewe uko kona hii, na harufu unaipata.

Machi 2020, katika jengo moja la Seoul, Korea Kusini, kulikuwa na kituo cha kupokea simu za wateja. Kwenye ghorofa ya 11 walifanya kazi watu 216, na 94 kati yao waliambukizwa, karibu wote wa upande mmoja wa ghorofa ambako meza zilikuwa zimesongamana. Watu hao walipanda lifti zilezile na kupita ukumbi uleule na wenzao wa ghorofa nyingine, lakini huko kwingine walioambukizwa walikuwa wachache mno. Kilichowaponza ni kukaa pamoja saa nyingi, ndani, huku kila mmoja anaongea mfululizo.

Kunawa usiache. Mikono michafu inaleta kuhara na kipindupindu, na virusi vya mafua navyo huweza kufika puani kwa kidole. Ila ndoo peke yake haiwezi kubeba kazi yote.

Ofisini kwetu kuna kiyoyozi. Si kinasafisha hewa?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani huvuta hewa ya chumbani, huipoza, kisha huirudisha mlemle. Ubaridi unaousikia usoni ni hewa ileile iliyotoka kifuani kwa mwenzako, imepozwa tu.

Hewa ya nje ndiyo dawa. Fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana ili upepo uingie huku utokee kule. Kama dirisha ni moja, weka feni karibu nalo ikielekea nje, isukume hewa chafu itoke, na mlango uachwe wazi. Pangaboi lisilo na dirisha wazi linachanganya tu hewa iliyomo. Kama joto halivumiliki, washeni kiyoyozi lakini acheni dirisha wazi kiasi. Umeme utapanda, ni kweli, ila wafanyakazi watano wakilala wagonjwa kwa wiki moja mwajiri atalipa zaidi ya hapo.

Shirika la Afya Duniani linataka maeneo ya kazi yasiyo ya hospitali yapate walau lita 10 za hewa safi kwa kila mtu kwa kila sekunde. Mafundi wa majengo wanaweza kupima. Sisi wengine tutumie pua: ukiingia chumbani kutoka nje ukakutana na harufu ya watu, hewa haitoshi. Na faida yake haiishii kwa UVIKO. Kifua kikuu, ambacho tumeishi nacho miaka yote, hupita njia hiyohiyo.

Mlinzi ananipima joto getini kila asubuhi. Inatosha?

Haitoshi. Wengi walioambukizwa hawakuwa na homa, na mtu huweza kuambukiza siku moja au mbili kabla hajajisikia vibaya. Tena aliyemeza panadoli alfajiri atapita getini bila kipimajoto kulia. Swali la “umeamkaje leo?” likiulizwa na mtu asiyetisha hukamata wagonjwa ambao kipimajoto hakiwaoni.

Bosi anasema mgonjwa asije. Mimi ni kibarua, nisipokuja silipwi. Nifanye nini?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na nasikitika linavyoachwa mwisho kwenye mikutano ya usalama kazini. Hakuna barakoa wala kitakasa mikono kinachoshinda kumfanya mgonjwa abaki nyumbani. Na hawezi kubaki kama kubaki maana yake ni watoto kulala njaa.

Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Kwa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamruhusu aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo kupata angalau siku 7 za malipo kamili na 7 za nusu malipo kwa mwaka. Kibarua wa siku mara nyingi hafikiwi na vifungu hivi, na hilo ni tundu kubwa katika kinga yetu.

Kwa hiyo nasema na waajiri waziwazi: mlipuko ukianza, tengeni fungu dogo la kumlipa kibarua anayeugua, hata iwe nusu ya posho yake, na mtangaze mapema ili kila mtu ajue. Mtu akiona mwenzake alisema ukweli akarudishwa nyumbani na bado akalipwa, kesho naye atasema. Akiona alisema ukweli akafutwa, atakohoa ndani ya kiwiko na kunyamaza.

Wewe kibarua, kama huna namna ya kubaki nyumbani, mwambie msimamizi akupe kazi ya nje au ya peke yako siku hizo, vaa barakoa muda wote, na usile na wenzako.

Tunavaa barakoa muda wote wa kazi. Bado tuna hatari?

Angalieni chai ya saa nne. Nimeona mahali ambapo watu walivaa barakoa vizuri tangu asubuhi, saa nne wakakaa kumi kwenye benchi moja ndani ya jiko dogo, barakoa zikashushwa kidevuni, na mazungumzo yakanoga kwa nusu saa. Chai hiyo iliwapokonya kinga yote ya asubuhi. Gari la wafanyakazi lililofungwa vioo ni vivyo hivyo. Pangeni mapumziko kwa zamu, na kula kuwe nje.

Barakoa yenyewe ifunike pua na ibane kando ya mashavu. Ya kitambaa iwe ya tabaka tatu na ifuliwe kila siku.

Mimi ni mfanya usafi. Niliambiwa nipulizie Jik kila mahali, hata watu wanapoingia. Ni sawa?

Watu wasipuliziwe kabisa, dada yangu. Shirika la Afya Duniani lilikataza jambo hilo mwaka 2020: dawa inaumiza macho, ngozi na mapafu, na haigusi virusi vilivyo ndani ya mwili. Sehemu zinazoshikwa sana, kama vitasa, swichi, meza na bomba, zioshwe kwanza kwa sabuni, kisha zipanguswe kwa dawa. Jik ya asilimia 3.5 huchanganywa kikombe kimoja kwa vikombe 34 vya maji. Soma chupa kwanza, maana nguvu hutofautiana. Iache dakika 10, na uchanganye mpya kila siku.

Usiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo au dawa nyingine. Inatoa gesi yenye sumu. Glavu na hewa wazi ni haki yako. Ukipewa dawa bila glavu, dai.

Mwenzetu amepimwa na ana virusi. Tufunge kazi?

Si lazima. Mtu huyo ajitenge. Kwa UVIKO-19 mwongozo wa 2023 ulikuwa siku 10 tangu dalili zianze, ila ugonjwa mpya unaweza kuwa na hesabu nyingine, hivyo sikilizeni Wizara ya Afya. Waliokaa naye karibu waambiwe, bila jina lake kubandikwa ukutani. Chumba kifunguliwe, kisafishwe, kazi iendelee.

Nina kibanda cha ushonaji, mashine nne, dirisha moja. Sina hela ya mambo hayo.

Mama mmoja mwenye kibanda kama hicho tulikaa naye tukahesabu. Mashine mbili zikahamia barazani chini ya bati. Ndani zikabaki mbili, zimepeana mgongo, na pazia zito la dirishani likavuliwa. Wateja wakaanza kupimwa nguo nje. Gharama yake ilikuwa waya mrefu wa umeme na turubai la kukinga mvua.