Paka amesusa beseni lake la mchanga: maswali na majibu

Paka wangu alikuwa akitumia beseni vizuri, sasa anakojoa kitandani. Ananikomoa?

Hapana, paka hana hesabu hizo. Anayesusa beseni ghafla ama anaumwa, ama beseni lenyewe limemkera, ama kuna jambo nyumbani limemtia hofu: mgeni, mbwa mpya, paka wa jirani anayezungukazunguka dirishani. Anza na ugonjwa. Kibofu kikiwa na uvimbe au vijiwe, kukojoa kunauma, na paka hulilaumu beseni kwa maumivu yale, akaenda kujaribu godoro. Ugonjwa wa figo na kisukari humfanya anywe maji mno na kukojoa mno. Paka mzee mwenye maumivu ya viungo pengine anashindwa tu kuruka ukingo. Ukate upande mmoja uwe mfupi.

Ni dalili zipi hazingoji kesho?

Dume anayeingia na kutoka beseni, anajikamua, analia, anajilamba sehemu za siri na hatoi kitu, au anatoa matone yenye damu. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba, huzibwa na ute na chenga za madini. Ikiziba kabisa, potasiamu hupanda kwenye damu na moyo unaweza kusimama ndani ya siku mbili tatu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo usiku huohuo. Wengi hudhani amefunga choo, wakamnywesha mafuta na kusubiri. Wengine humpa Panadol, na hilo ni baya zaidi: kidonge kimoja tu cha paracetamol chaweza kumuua paka.

Daktari hakuona ugonjwa. Sasa nifanyeje?

Litazame beseni kwa macho ya paka. Mabeseni mengi ni madogo; linalofaa lina urefu wa mara 1.5 ya mwili wake, ili aweze kugeuka na kufukia. Paka wengi hupenda mchanga laini usio na manukato. Mchanga wa ujenzi uliochekechwa na kuanikwa juani hufaa, ila haugandi unapolowa, hivyo umwage wote mara kwa mara. Weka kina cha sentimita 4 au 5. Zoa kinyesi kila siku. Kupuliza marashi juu ya uchafu ni kumfukuza.

Idadi nayo: kila paka beseni lake, na moja la ziada. Paka wawili, mabeseni matatu. Najua fleti zetu zilivyo, lakini hata kuongeza moja tu husaidia.

Halafu mahali. Wengi huliweka chooni, kisha mtu anaoga na kufunga mlango. Paka afanyeje? Lisiwe karibu na chakula chake wala na mashine ya kufulia.

Anasimama, anatikisa mkia na kurusha mkojo ukutani.

Huyo anatia alama ya mipaka yake. Mhasi, madume wengi huacha.

Nimeosha kwa jiki lakini anarudi palepale.

Pua yake bado inanusa. Tena jiki ikikutana na amonia ya mkojo hutoa hewa inayodhuru mapafu. Kausha kwa kitambaa, osha kwa maji na sabuni, kisha tumia dawa ya kusafishia yenye vimeng'enya (enzaimu, zinazovunjavunja mabaki ya mkojo) ukiipata. Siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji hupunguza harufu, ila usiichanganye kamwe na jiki. Godoro lianikwe juani.

Mke wangu ni mjamzito. Tumtoe paka?

Si lazima. Hofu ni ya kijidudu Toxoplasma gondii, ambacho kinaweza kudhuru mimba. Mayai yake yakitoka na kinyesi huhitaji siku 1 hadi 5 ndipo yaweze kuambukiza, kwa hiyo kuzoa kila siku ni kinga kubwa. Zoa wewe, si yeye. Kama hakuna mtu mwingine, avae glavu na kunawa kwa sabuni. Mlisheni paka chakula kilichopikwa, asile nyama mbichi wala kuwinda panya. Na msimtazame paka peke yake: mishikaki isiyoiva na kachumbari ya mboga zisizooshwa vizuri huleta kijidudu hichohicho.