Fedha Ikikauka, Kazi Haijaisha

Uchumi unapodorora, mali haitoweki kwa usiku mmoja. Fundi cherehani bado ana mikono na nyuzi zake, daktari wa meno yuko kliniki anasubiri wagonjwa, mkulima ana nafaka ghalani. Kinachoadimika ni noti ya kupita kati yao, kwa sababu kila anayeipata anaificha akihofia kesho.

Hapo watu hurudia njia ya kale ya kubadilishana mali kwa mali. Siku za mwanzo husaidia kweli, kisha inagota. Fundi anataka kung'olewa jino, lakini daktari hahitaji nguo, anahitaji nafaka; na mwenye nafaka meno yake ni mazima. Ndiyo maana jamii nyingi zilizobanwa zimebuni sarafu yao, karatasi au hesabu ya daftarini inayokubalika miongoni mwao tu.

Mfano ninaopenda kuufundisha ni wa Wörgl, mji mdogo wa Austria. Mwaka 1932 viwanda vilikuwa vimesimama, wasio na kazi walikuwa wengi, na halmashauri ilidai kodi ambazo hakuna aliyeweza kuzilipa. Meya Michael Unterguggenberger aliweka shilingi za Austria benki kama dhamana, akatoa vyeti vya kazi vya shilingi 1, 5 na 10. Kitazame cheti cha shilingi 10: kina visanduku vya kubandika stempu, na kila mwezi aliyenacho lazima abandike stempu ya asilimia 1, yaani groschen 10 (shilingi moja ilikuwa na groschen 100), ili kibaki na thamani yake kamili. Nani angetaka kukutwa nacho mwisho wa mwezi? Kibarua aliyetengeneza barabara alikipeleka dukani upesi, mwenye duka akalipia kodi, halmashauri ikalipa vibarua wengine kwa karatasi ileile. Barabara zikatengenezwa, daraja likajengwa, malimbikizo ya kodi yakaanza kuingia. Mwaka 1933 Benki Kuu ya Austria ikausimamisha mpango huo, kwani kutoa fedha ilikuwa haki yake peke yake.

Wengi husimulia habari za zile stempu. Kwa maoni yangu nguvu kubwa ilikuwa kwenye kodi: kila mtu alijua kuna dirisha moja ambalo halingemkatalia cheti chake.

Argentina haikuwa na dirisha hilo. Klabu ya kwanza ya kubadilishana ilianzishwa Bernal, karibu na Buenos Aires, mwaka 1995, na watu wachache waliofahamiana. Desemba 2001 serikali ilipobana utoaji wa fedha benki, watu walimiminika kwenye klabu hizo kwa wingi usiotarajiwa. Karatasi zao, zilizoitwa créditos, zikachapishwa ovyo, na za bandia zikaingia. Nguo kuukuu zikajaa mezani huku unga, sukari na mafuta ya kupikia vikigombewa, maana anayevileta alivinunua kwa peso, fedha halali ya Argentina, na hangeweza kurudisha peso zake. Bei zikapaa na kufikia 2003 klabu nyingi zilikuwa zimefungwa. Inaniuma kila ninapoisimulia, kwa sababu walioumia ni walewale ambao hawakuwa na kingine cha kukimbilia.

Uswisi ilikwenda taratibu zaidi. Mwaka 1934 wafanyabiashara wadogo walianzisha ushirika wa WIR, wakiuziana kwa hesabu za akaunti, na mkopo hutolewa kwa dhamana. Taasisi hiyo ingali hai leo kama benki.

Basi ukialikwa kwenye mpango wa namna hii, uliza kwanza nani ana mamlaka ya kutoa karatasi mpya, na kama hesabu yake iko wazi kwa kila mwanachama. Uliza utampelekea nani karatasi hizo utakapokuwa nazo nyingi. Kama jibu ni “mtu yeyote”, omba majina. Angalia pia sheria, kwa kuwa nchi nyingi zimeiachia benki kuu pekee haki ya kutoa noti, na mamlaka za kodi mara nyingi huhesabu mali uliyopokea kwa kubadilishana kuwa mapato. Usipeleke huko fedha zako zote halali. Dawa, nauli na kila kinachotoka nje ya mtaa vitaendelea kuzidai, kwa hiyo zitenge hizo kabla hujapokea karatasi ya kwanza.