Futa kikombe kilichodondoka: dhana zinazoharibu riwaya za mapacha

Waandishi wanaoleta miswada hapa Arusha wanapenda sana mapacha, na karibu wote wana tukio lilelile. Kosta aliyopanda Kulwa inapinduka Usa River, na dakika hiyohiyo Doto, yuko dukani kwake Mbuyuni, Moshi, anadondosha kikombe na kushika kifua. Ukiuliza kwa nini, unajibiwa: "Si mapacha, damu moja?"

Hapana. Hakuna jaribio makini lililothibitisha kwamba pacha huhisi maumivu ya mwenzake akiwa mbali. Kujuana kwao kunatokana na miaka ya kulala kitanda kimoja, kusukwa siku moja na kuchapwa kwa kosa moja. Akisikia "haloo" tu kwenye simu, Doto anajua Kulwa amelia. Hayo ni mazoea, na mazoea yanaandikika. Kikombe hakikusaidii. Msomaji atauliza mbona Doto hakuhisi lolote Kulwa alipojifungua kwa upasuaji sura ya 3. Baya zaidi, watu wanaosomana mioyo hawawezi kufichana kitu, na riwaya ya dada wawili watu wazima inaishi kwa yale wanayofichana.

Mpe Doto njia ya kujua. Kila Jumamosi kabla ya saa nne Kulwa hutuma pesa ya dawa za mama. Leo saa sita imepita, ujumbe wa M-Pesa haujaingia. Doto anakasirika kwanza: kiburi kilekile cha kujiona mkubwa kwa dakika kumi! Anapiga simu mara moja, haipokelewi, anasusa. Habari ya ajali inamkuta bado amenuna. Ukurasa mmoja tu, na tumewajua wote wawili.

"Watabadilishana maisha." Kwa jirani, labda. Alama za vidole hutengenezwa tumboni na kila pacha ana zake, hata wanaofanana kama shilingi kwa ya pili. Laini za simu Tanzania husajiliwa kwa alama hizo, kwa hiyo Doto hatasajili laini kwa namba ya NIDA ya Kulwa.

"DNA itawaumbua." Kipimo cha kawaida hakiwatofautishi mapacha wa yai moja. Mtoto wa Kulwa akipimwa pamoja na Doto, majibu yatamwonyesha huyo mama mdogo kama mama mzazi. Kinasaba, watoto wa dada hawa wako karibu kama watoto wa mama mmoja, baba tofauti. Hapo pana hadithi, na hakuna anayeiandika!

"Makondo ya nyuma mawili, basi si wa yai moja." Si kweli. Takribani theluthi ya mapacha wa yai moja huwa na makondo mawili, kwa sababu yai liligawanyika mapema, ndani ya siku 3 hivi za mwanzo. Usimpe mkunga wako maneno hayo.

Pacha mmoja malaika, mwenzake shetani: achana nao kabisa. Kabla ya sura ya 1, andika ukurasa mmoja kwa kila dada: nani alizaliwa na kilo pungufu, nani anatumia mkono wa kushoto, nani alibaki Moshi kumuuguza mama, nani aliolewa kwanza na mwenzake alisema nini siku ile. Kurasa hizo zikifanana, ziandike upya kabla ya kuleta mswada.