Mtoto anaifikiria ndoa kabla hujamweleza

Kila zinapokaribia Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia, Novemba 25 hadi Desemba 10, wazazi hufika dawati letu la ustawi wa jamii na lalamiko lilelile: watoto wanafundishwa "haki" shuleni, binti akirudi nyumbani hataki kuosha vyombo. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 haimkatazi mtoto kazi za nyumbani zinazolingana na umri wake. Inachokataza ni kumbagua. Binti akisugua masufuria huku kaka yake anaangalia mpira, msimlaumu mwalimu.

Wengi pia hudhani mtoto hawazi mambo ya ndoa mpaka abalehe. Anawaza. Kati ya miaka 5 na 7 huyashika majukumu ya mke na mume kama sheria za barabarani: mama apike, baba aendeshe gari, anayekwenda kinyume amekosea. Ni hatua ya ukuaji, msitaharuki. Kuanzia miaka 8 hivi wengi hulegeza, wakasema baba naye apike kama anajua. Balehe ikifika baadhi hukaza tena, hasa wavulana, kwa kuogopa kuchekwa na wenzao.

Wazazi huwa hawaamini nikiwaambia kwamba hata mtoto mdogo hutenganisha desturi na dhuluma. Muulize kama baba anaweza kuvaa kanga kwenda kazini, atacheka na kusema si kawaida. Muulize kama ni sawa baba kumpiga mama iwapo mtaa mzima umekubali, atakwambia ni vibaya kwa sababu mama anaumia. Wanaochanganya ni sisi watu wazima. Mtoto akihoji mbona mama anachoka peke yake, hilo ni swali la haki, nasi tunamjibu "ndivyo ilivyo." Kwa kumbukumbu, kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu. Si sheria ya juzi.

Vijana wa sekondari wana hoja yao: mwenye hela ndiye mwenye kauli. Wameitoa nyumbani, si kwingine. Waelezeni basi kuwa mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Na maneno peke yake hayatoshi. Utafiti wa Canada uliochapishwa 2014 ulionyesha kuwa mabinti ambao baba zao hushiriki kazi za nyumbani hawajifungi kwenye ajira zinazoitwa za kike, bila kujali misimamo ambayo wazazi hutamka.

Sasa taratibu, maana hapa ndipo watu hupoteza nauli. Kuoa au kuolewa na mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kosa chini ya Sheria ya Elimu kama ilivyorekebishwa 2016, adhabu ni kifungo cha miaka 30. Anayesaidia au kushawishi naye hukabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo cha miaka 5 au vyote viwili. Taarifa hutolewa kwa afisa ustawi, polisi au kwa kupiga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto. Mliokuja kwa ugomvi wenu wenyewe, anzeni baraza la usuluhishi wa ndoa. Anayefikia kuomba talaka mahakamani huambatanisha hati ya baraza, inayoonyesha kwamba usuluhishi umeshindikana, iliyotolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kufungua shauri. Ikipita hapo, haitumiki. Mtoto abaki nyumbani, haji kutoa ushahidi wa nani hapiki.

Na wanaotuletea mabinti wa miaka 13 "waelezwe kazi za mke": huduma hiyo hatuna.