Kumtoa Kobe Nje Bila Kumdhuru: Maswali na Majibu

Majibu haya yanawahusu zaidi kobe wa majini wanaofugwa ndani ya nyumba. Pale mahitaji ya kobe wa nchi kavu yanapotofautiana, tumesema.

Kobe wangu ana taa nzuri ndani. Kuna haja gani ya kumtoa nje?

Ipo, na ni kubwa. Miale ya jua ya urujuanimno, ile aina ya UVB, inapogusa ngozi ya kobe, mwili wake hutengeneza vitamini D3. Bila vitamini hiyo, kalsiamu iliyo kwenye chakula haifyonzwi ya kutosha, hata umlishe vizuri namna gani. Mwili unaokosa kalsiamu huichota kwenye mifupa yake wenyewe, na gamba nalo ni mfupa hai uliofunikwa na tabaka gumu. Hapo ndipo gamba linapoanza kubonyea, miguu inapata matege, na taya linalegea mpaka kobe anashindwa kutafuna.

Taa ya UVB inasaidia sana, wala usiiondoe. Tatizo lake ni kwamba miale hupungua miezi kadhaa kabla ya mwanga kufifia, kwa hiyo mfugaji huiona inawaka na kudhani bado inafanya kazi. Jua lina faida nyingine pia: vitamini D3 inayotengenezwa na ngozi haizidi kipimo, kwa kuwa mwili wenyewe huidhibiti. Ile ya matone au unga ikizidi humdhuru kobe.

Nikimweka dirishani jua linapoingia, haitoshi?

Haitoshi. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia karibu UVB yote lakini hupitisha joto. Kobe atapata hatari ya jua bila faida yake.

Basi nibebe tangi lake la kioo nilipeleke uani?

Usifanye hivyo hata kwa dakika chache. Hilo ndilo kosa linaloua kobe wengi katika matembezi ya jua. Kioo huingiza joto na kulizuia lisitoke, na maji machache yaliyo ndani hupanda joto haraka. Kobe hatoi jasho. Joto la mwili wake hufuata joto la mahali alipo, na njia yake kuu ya kujipoza ni kuhama, yaani kutoka juani kuingia kivulini, au kutoka nchi kavu kuingia kwenye maji yaliyopoa. Ndani ya tangi la kioo lililo juani hana pa kuhamia. Kobe mdogo anaweza kufa humo kwa dakika chache tu.

Kila utakachopanga nje kipime kwa swali hilo moja: je, kobe anaweza kuchagua mwenyewe kati ya jua na kivuli, kati ya joto na ubaridi? Kama hawezi, mpango huo haufai hata ukiwa umekaa karibu naye.

Nitumie chombo gani?

Beseni pana la plastiki nzito isiyopitisha mwanga, la rangi nyepesi. Jeusi hupasha maji haraka mno. Kwa vipimo, anza na urefu wa gamba la kobe wako: beseni liwe na urefu wa angalau mara tano ya gamba, upana mara tatu, na kina cha maji mara moja na nusu hadi mbili. Kobe mwenye gamba la sentimita 15 anahitaji basi beseni la sentimita 75 kwa 45, lenye maji ya kina cha kama sentimita 25. Maji mengi huchelewa kupata moto, na hiyo ni sababu tosha ya kutobana kina.

Weka jukwaa la kuotea jua upande mmoja, liwe na mteremko wa taratibu na uso wa kukwaruza kidogo. Jiwe lenye ncha au jukwaa lenye ukingo wima humpindua kobe, na kobe aliyelala chali majini anaweza kuzama, hata maji yakiwa machache, kama hana nafasi ya kujigeuza. Ukingo wa beseni upande juu ya jukwaa kwa angalau mara mbili ya urefu wa gamba. Kobe husimama kwa miguu ya nyuma na kujivuta juu kwa nguvu ambayo watu wengi hawaitarajii.

Funika nusu ya beseni kwa ubao. Kisha kumbuka kwamba jua linatembea. Kivuli cha saa tatu asubuhi si kivuli cha saa sita mchana, na beseni lililokuwa nusu kivulini linaweza kujikuta lote juani. Tumia ubao unaolala moja kwa moja juu ya beseni, usitegemee kivuli cha ukuta au mti.

Funika sehemu iliyobaki kwa wavu wa chuma uliofungwa imara. Usitumie plastiki inayopitisha mwanga wala kioo, kwa sababu ile ile ya dirisha.

Saa ngapi, na kwa muda gani?

Anza na dakika 15 hadi 20, kisha ongeza kidogo kidogo ukiona anatulia. Nusu saa mara tatu au nne kwa wiki inatosha kumletea faida ya kweli. Kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi kwa kawaida ni wakati mzuri: UVB imeshakuwa ya kutosha na joto halijawa kali. Jua la alfajiri humpasha kobe mwili lakini lina UVB kidogo mno.

Usiangalie saa pekee. Tumbukiza kipimajoto majini. Kobe wa majini wenye alama nyekundu kando ya kichwa, ambao ndio wanaofugwa zaidi duniani, hustarehe kwenye maji ya nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Maji yakipita 30, mwondoe au ongeza maji yaliyopoa taratibu. Hewa ya kivulini ikiwa chini ya nyuzi 21, ahirisha. Kobe wachanga wanahitaji joto zaidi ya hapo, nao hupoa na kupata moto upesi kwa sababu ya udogo wao.

Maji ya nje yasitofautiane na ya ndani kwa zaidi ya nyuzi mbili au tatu. Kumtoa kwenye maji ya 26 na kumtia kwenye maji ya bomba yenye 18 ni kumshtua mwili mzima.

Nitajuaje kwamba joto limemzidi, na nifanye nini?

Huanza kwa kuhangaika: anakwaruza kuta, anajaribu kupanda kwa nguvu. Baadaye hupanua mdomo na kutoa povu au mate mengi, kisha hulegea na kuacha kuitikia. Mpeleke kivulini mara moja na umweke kwenye maji ya uvuguvugu wa nyuzi 25 hivi, yasiyofika puani. Usimmwagie maji ya barafu. Kama amelegea, kichwa chake kishikiliwe juu ya maji muda wote. Halafu mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama ameanza kutembea, kwani viungo vya ndani vinaweza kuwa vimedhurika bila dalili kuonekana siku hiyo.

Kuhusu baridi: kobe aliyepigwa na ubaridi anaweza kupata maambukizi ya njia ya hewa. Dalili zake ni mapovu puani, sauti ya kukoroma, na kuogelea akiwa ameinama upande mmoja. Hilo nalo linahitaji daktari, si taa ya ziada tu.

Mbwa wetu ni mpole. Wanaweza kukaa pamoja?

Hapana. Mbwa mpole hutafuna gamba kama anavyotafuna mfupa, bila ukali wowote. Kunguru na mwewe huchukua kobe wadogo, panya huwatafuna miguu, na siafu humvamia asiyeweza kukimbia. Wavu unapunguza hatari. Jicho la mtu mzima ndilo linaloizuia. Na jioni arudi ndani.

Wa nchi kavu anaweza kutembea kwenye nyasi?

Anaweza, na anafurahia, mradi nyasi hizo hazijapigwa dawa ya wadudu au magugu, wala kuwekwa mbolea ya kiwandani. Kama hujui historia ya eneo, lichukulie kuwa limepigwa dawa. Ng'oa oleanda, lantana na difenbakia. Zote ni sumu.

Uzio uwe wa mbao au matofali, wenye kimo cha angalau sentimita 45 na uliozama ardhini sentimita 30, maana wengi huchimba. Wavu unaoonyesha upande wa pili haufai kuwa ukuta: kobe huona njia na kuisukuma siku nzima mpaka anajichubua pua na miguu. Ziba pembe kwa juu, kwa kuwa ndiko anakopandia. Mwekee pia maji ya kina kifupi na kibanda cha kivuli.

Akitoroka, anza kutafuta kandokando ya kuta na chini ya vichaka. Usipompata, rudi jua linapochomoza vizuri, kwani atatoka kuota.

Watoto wanapenda kumshika akiwa nje. Kuna hatari kwao?

Ipo, na wazazi wengi hawaambiwi. Kobe mwenye afya kabisa anaweza kubeba bakteria wa salmonela utumboni. Hutoka na kinyesi, huenea majini, hubaki kwenye gamba, kwenye beseni na kwenye nyasi alizopita. Kipimo kikionyesha hana, hakikuhakikishii kitu, kwa sababu hawatoi kila siku. Kumpa antibiotiki ili "kumsafisha" hakuwaondoi kwa uhakika, na huzalisha bakteria sugu. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kobe wenye gamba chini ya takriban sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni.

Mtu aliyeambukizwa huanza kuhara, kuwa na homa na kukatwa na tumbo kati ya saa 6 na siku 6. Wengi hupona kwa siku 4 hadi 7. Walio hatarini zaidi ni watoto chini ya miaka 5, wazee kuanzia miaka 65, wajawazito na wenye kinga dhaifu. Hao wasimguse kobe wala vifaa vyake. Nenda hospitali ukiona damu kwenye choo, homa inayofika nyuzi 39, kuhara kunakopita siku 3, au kutapika kiasi cha kushindwa kunywa maji.

Kila anayemshika anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20, na mtoto anawe mtu mzima akimtazama. Hakuna kumbusu wala kula karibu naye. Maji ya beseni yamwagwe chooni, kamwe si kwenye sinki la jikoni. Beseni la kobe libaki la kobe, na kidimbwi cha plastiki alichoogelea kisitumiwe tena na watoto. Eneo la nyasi analotembea litengwe na lile wanalochezea.

Nimpake mafuta gamba lake lisikauke juani?

Usimpake chochote. Mafuta hunasa uchafu na kuvu.

Kuna kobe asiyepaswa kutoka?

Mwenye kidonda, hata kidogo: inzi hutaga humo na funza huanza kumla akiwa hai. Mgonjwa asubiri ruhusa ya daktari. Kobe mgeni nyumbani asichangie beseni na wengine kabla ya kuchunguzwa.

Naweza kumwacha aogelee kwenye bwawa au mto wa jirani kisha nimchukue?

Hutamchukua, atazama na kupotea kwa sekunde chache. Huko anaweza kupata vimelea au kuwaambukiza kobe wa porini, na spishi ya kigeni ikizoea mazingira mapya huwanyang'anya wenyeji chakula na sehemu za kuotea jua. Ukichoka kumfuga, mtafutie mfugaji mwingine au zungumza na daktari wa mifugo.